Jalila Amtafuta Kalama

Selpher Charo hakumpenda Jalila, na hilo alilisema wazi kwa yeyote aliyemuuliza. Jalila alimpa kazi, akampa na jina mitaani, lakini kumpenda hakumpenda. Kwanza Jalila mwenyewe hakuwa mtu. Alikuwa picha katika mchezo wa simu, msichana wa buibui na miwani anayemfuata Inspekta Faki kila aendako, akimbebea taa, akimsomea barua za kale, na Faki akikwama, yeye ndiye anayeinama chini na kusema, "Bwana Faki, hapa pana neno." Ukibonyeza pale alipoinama unapata ushahidi. Mwisho wa mchezo anasifiwa Faki. Jalila hupewa asante moja tu, tena akiwa amesimama mlangoni.

Michezo miwili ilikuwa imeshatoka na wa tatu ulikuwa jikoni. Vijana wa pwani walikuwa nao simuni kuanzia Likoni hadi Mtwapa, na ile "hapa pana neno" ilikuwa imeshaingia midomoni mwa watu, hata wauza madafu walikuwa wakiisema. Sauti ile ilikuwa ya Selpher. Sasa hapo ndipo penye kioja, maana Jalila anasema Kimvita cha wenyewe, kile cha nyumba za zamani, na Selpher ni Mgiriama wa Shika Adabu ambaye mamake hata leo Kiswahili anakisema kwa kubahatisha tu. Abdulghani, mwenye mchezo, alikuwa amezunguka kwa jamaa zake wote akitafuta msichana wa kuzaliwa na lugha ile. Kila mzee aliyemwendea alimkatalia. Mmoja wao, baba wa msichana aitwaye Basma, alimwambia kwamba sauti ya binti yake si ya kutiwa mifukoni mwa wanaume wasiomjua, na akamfungulia mlango atoke. Ndipo Abdulghani akamchukua Selpher, aliyemsikia akisoma matangazo kanisani kwenye harusi ya rafiki yake, akampeleka Kisauni kwa shangazi yake Bi Kuluthum. Bi Kuluthum alimpiga ulimi randa miezi mitatu. Alipomtoa, hata wazee wa Mji wa Kale waliuliza yule ni binti wa nani.

Nyumbani walikuwa watatu: Selpher, mama yao, na Kalama, kaka yake mkubwa. Kalama alikuwa hamali wa mkokoteni soko la Kongowea, mtu wa shingo nene na maneno machache, ambaye raha yake kubwa duniani ilikuwa kukaa juu ya mkokoteni wake akisubiri malori ya bara yafunguliwe, simu mkononi, anacheza mchezo wa dada yake. Aliumaliza wa kwanza mara nne. Wenziwe walimbandika jina, wakamwita Shemeji wa Inspekta, naye hakukasirika. Jioni akirudi humwambia Selpher, "Mwambie huyo Faki aamue moja, akuoe au akulipe." Mama akisikia hucheka hadi akashika kiuno. Ndivyo walivyokuwa wakiishi, na mimi sitii chumvi, walikuwa wakiishi vizuri.

Jumanne moja ya mvua Kalama alitoka alfajiri, akavuka kwa feri, asirudi. Siku ya kwanza walisema amelala kwa rafiki. Siku ya pili simu yake haikupatikana, na mama akaacha kula. Siku ya tatu Selpher akaenda Kongowea kwa Kadenge, mwenye mikokoteni. Mikokoteni ile si ya mahamali. Ina wenyewe, na hamali akitaka kutoa mkokoteni asubuhi humwachia mwenyewe kitambulisho chake, jioni akiurudisha hurudishiwa. Kadenge, Mgiriama mwenzao, mtu aliyekuwa akiwaletea mahindi mabichi msimu ukifika, alimwangalia Selpher machoni akamwambia kuwa Jumanne ile Kalama hakufika kazini. Selpher alimwamini. Kwa nini asimwamini?

Basi wakamtafuta kote alikoweza kuwa mtu ambaye hakufika kazini. Walikwenda hospitali za Likoni, wakaenda kisiwani, wakazunguka nyumba za jamaa hadi Mtongwe. Katika kituo cha polisi, askari aliyekuwa zamu hakuinua kichwa mpaka Selpher alipoanza kueleza. Kwa kuwa alikuwa na hofu, na Bi Kuluthum alimfundisha kwamba mbele ya wakubwa mtu husema kwa adabu, maneno yalimtoka kwa ulimi wa Jalila. Askari akaweka kalamu chini. Akawaita wenzake wawili waliokuwa chumba cha nyuma, akawaambia waje wamwone nani amekuja. Wakamtaka aseme lile neno lake. Selpher akawaeleza kuwa ndugu yake amepotea siku nne. Wakasema wamesikia, wataandika, lakini aseme kwanza, mara moja tu, mtoto wa yule mmoja anampenda Jalila kufa. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi ameshika picha ya Kalama, hajui kinachoendelea. Selpher akasema, "Bwana Faki, hapa pana neno." Walirekodi kwenye simu, wakacheka, wakamwandikia nambari ya OB, kitabu chao cha matukio, kwenye kipande cha karatasi. Askari akamshauri asijisumbue sana, mwanamume mzima akipotea siku nne kwa kawaida kuna mwanamke.

Alipofika nje aliona haya hadi masikio yakamwaka. Lakini haya ile ile ikamtia fikira, na fikira yenyewe ndiyo iliyomwangamiza. Aliona kuwa Selpher Charo akilia, hakuna mtu atakayegeuka. Hamali wa Shika Adabu kupotea, nani anahesabu hiyo kuwa habari? Lakini Jalila akisema, watu wanaacha kalamu zao. Akaenda moja kwa moja Kisauni, kwenye chumba cha Abdulghani juu ya duka la rangi, akamwambia awashe mitambo, anataka kutoa tangazo la sauti lisambazwe kwenye simu za watu.

Mama alikuwa amefuatana naye. Aliomba aseme yeye. Alisema mama akimlilia mwanawe watu watamhurumia, hata kama maneno hayakunyooka. Selpher alimkatalia, tena kwa ukali, akamwambia watu hawasikilizi Kigiriama, mama, watacheka tu. Mama akashika tama. Abdulghani, ambaye si mtu mbaya, aliuliza kama hadhani ni afadhali aseme kwa sauti yake mwenyewe. Selpher akasema sauti yake mwenyewe hakuna anayeijua.

Akasimama mbele ya maikrofoni akasema hivi: "Mimi ni Jalila. Yeo simtafutii Bwana Faki mtu, namtafuta mtu wangu. Ndugu yangu Kalama ametoka nyumbani Shika Adabu Jumanne alfajiri, na hadi yeo hayarudi. Mwenye kumuona kwa mato yake, tafadhali natwambie." Akataja nambari ya simu. Hakulia. Alilisema mara moja tu na halikuhitaji kurudiwa, maana kazi alikuwa anaijua.

Jamani, tangazo lilikwenda. Kufika adhuhuri lilikuwa limeshavuka Kilifi, kufika jioni watu wa Nairobi walikuwa wakirushiana. Simu ya Selpher ililia hadi ikapata moto. Alijifungia chumbani na mama na daftari, akipokea moja moja, na kila aliyepokea alikuwa anacheka. Watu walidhani mchezo wa tatu umetoka. Waliuliza wataupakua wapi. Waliuliza kama Kalama ndiye muuaji. Mmoja alisema amemuona Kalama nyuma ya soko la Kongowea, chini ya ngazi, amwendee haraka. Selpher alikwenda mbio, roho mkononi, akakuta vijana watatu wameficha karatasi chini ya jiwe imeandikwa "Ushahidi wa kwanza", nao wanampiga picha. Mwingine alisema ameona damu kwenye mnara wa maji Changamwe. Alikwenda huko pia. Ilikuwa rangi. Alikwenda kila mahali alipotajiwa, siku mbili nzima, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua ni lipi la kweli, na kila alikofika alikuta watu waliokwisha kuamua kufurahi.

Alimrudia Abdulghani, akamtaka atangaze kuwa si mchezo. Abdulghani aliinama akafikiri. Akasema tangazo linaenea kwa sababu watu wanalidhania mchezo, wakiambiwa ni msiba wataliacha, basi waliache likimbie siku moja mbili zaidi, huenda likamfikia mwenye habari. Aliapa wallahi hasemi hivyo kwa ajili ya biashara. Pengine ni kweli, ingawa siku zile michezo yake miwili ilipakuliwa zaidi kuliko mwaka mzima uliopita, na hilo alilijua. Selpher alikuwa amechoka, akakubali. Siku ya tatu hakuweza tena. Abdulghani akaandika kwenye ukurasa wa mchezo kwamba hili ni jambo la kweli, mtu amepotea kweli, tafadhali acheni mzaha. Watu wakajibu kwa kumsifu. Walisema mara hii mchezo umetengenezwa kwa ufundi, mpaka mwenyewe ameingia ndani.

Ndipo Selpher akatoa tangazo la pili, kwa Kiswahili chake cha nyumbani, chenye ulimi wa Kigiriama unaovuta maneno, akalia humo bila kujizuia, akasema mimi si Jalila, mimi ni Selpher, Kalama ni kaka yangu wa tumbo moja. Lilipokelewa na watu wachache. Wengi waliandika kuwa hiyo ni feki. Waliandika kuwa huyu si Jalila, sikieni anavyosema, huyu ni mshamba fulani anataka kujipatia umaarufu kwa jina la mwenzake. Mmoja alimshauri kwanza akajifunze Kiswahili. Selpher alisoma yote, akaizima simu, akaiweka chini ya godoro na kulala kifudifudi. Alikuwa amekufa moyo, na wala hakumficha mama.

Aliyewafungua macho ni Kadenge. Siku ya kumi na tatu alikuja Shika Adabu asubuhi, akagonga, hakuingia. Alikuwa ameshika kitambulisho cha Kalama. Alikitoa kwa mikono miwili akasema hawezi kukaa nacho tena, kila akisikia lile tangazo sokoni, na sokoni lilikuwa likipigwa kutwa, anahisi anaulizwa yeye. Akasimulia akiwa amesimama pale pale kizingitini. Jumanne ile mvua ilikuwa kubwa, sokoni hapakuwa na watu. Lori lilirudi nyuma bila kuangalia likambana Kalama na mkokoteni wake ukutani. Walioona ni Kadenge na dereva tu. Dereva aliogopa kuchomewa lori, Kadenge aliogopa kufungwa, maana mikokoteni yake haikuwa na kibali na mwenzake mmoja alikuwa amewekwa ndani kwa hilo hilo. Wakampakia Kalama kwenye lori, na dereva akaahidi kumfikisha hospitali yoyote atakayoikuta njiani, akielekea bara. Alikuwa hai. Kadenge alirudia hilo mara mbili, kwamba alikuwa hai na alikuwa akimwangalia.

Mama hakumtukana. Alimuuliza barabara gani. Kadenge akasema ya Changamwe.

Upande ule hawakuwa wameutafuta hata siku moja, isipokuwa ile ya mnara wa maji. Wakavuka wote wawili, wakaanza hospitali moja baada ya nyingine tangu Port Reitz, na ya nne, ndogo, nyuma ya mitaa ya wafanyakazi, jina nalificha, karani alifungua kitabu akasoma kwa kidole. Mwanamume asiyejulikana, umri kama miaka thelathini, hana kitambulisho wala simu, aliokotwa kando ya barabara na wapita njia, jeraha la kichwa. Amelazwa siku kumi na mbili. Amefariki jana alfajiri. Akageuza picha iliyopigwa mlangoni mwa mochari. Selpher aliitazama. Shingo ile aliijua tangu utotoni, alibebwa juu yake akipelekwa shule. Alimwambia mama, na mama akakaa chini kwenye saruji ya ukumbi, miguu mbele, kama mtoto.

Selpher hakuweza kukaa. Alitaka mtu wa kumwambia neno, lolote, kuhusu siku zile kumi na mbili. Nesi wa zamu alikuwa mgeni, akamwelekeza kwa mfagiaji wa wodi, mwanamke wa Kikamba aitwaye Mwende, aliyekuwa akipiga deki mwisho wa korido. Selpher alimsalimu kwa Kiswahili chake cha nyumbani, maana siku ile hakuwa na kingine, akamwambia yeye ni dada wa yule mtu asiyejulikana. Mwende akaegemeza fimbo ya deki ukutani. Akampa pole, akamshika mkono, na alikuwa mwema, tena mwema kweli kweli.

"Huyo wa kitanda cha mlangoni," akasema. "Kuongea alikuwa hawezi, mdomo ulikuwa umekufa upande mmoja. Lakini alikuwa anasikia, usidanganywe. Alikuwa hana mtu wa kumwona, sasa mimi nikimaliza kufagia nilikuwa nasimama hapo kidogo. Siku moja watoto wangu wakanitumia ile ya Jalila. Unaijua? Ya mchezo, ya kutafuta ndugu yake. Nikaifungua hapo wodini. Huyu mgonjwa akaanza kugonga chuma cha kitanda. Anagonga, anagonga, machozi yanamtoka. Mungu anisamehe, tulicheka wodi nzima. Nikasema kumbe hata huyu anaucheza. Nikamwekea tena, akagonga mpaka sindano ya maji ikachomoka. Nikamwekea ya tatu, maana niliona ni hiyo tu inamfurahisha. Nesi akanigombeza, wakamdunga dawa ya usingizi."

Selpher alimuuliza ilikuwa siku gani. Mwende alihesabu kwa vidole, akasema ilikuwa Jumatatu, wiki iliyopita. Ilikuwa siku ambayo Abdulghani alisema waliache tangazo likimbie kidogo zaidi, na yeye akakubali. Kalama alikaa siku sita zaidi baada ya hapo.

"Na baadaye?" akauliza.

"Kesho yake nilimwekea tena, nikidhani atagonga. Hakugonga. Alikuwa anaangalia mlango tu. Kutwa anaangalia mlango, mtu akiingia anainua kichwa. Ikawa ndio hivyo mpaka jana." Mwende akajipangusa macho kwa upindo wa leso. Kisha akatoa simu mfukoni, kwa nia njema ya mtu anayetaka mfiwa apate kitu cha kushika, na akaibonyeza. Sauti ikatoka humo, safi, ya nyumba za zamani, haina tetemeko hata moja. Mimi ni Jalila. Yeo simtafutii Bwana Faki mtu. "Hii ndio alikuwa anaipenda," Mwende akasema. "Wewe unamjua huyu dada?"

"Simjui," akasema Selpher.

Alisubiri iishe, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kumwomba aizime. Ilipokwisha kutaja nambari ya simu, alimshukuru Mwende, akarudi ukumbini. Mama alikuwa bado chini. Mtu alikuwa amemletea maji kwenye kikombe cha plastiki naye alikuwa amekishika bila kunywa. Selpher akachutama mbele yake.

Mama hakuuliza lori, wala hakumuuliza habari za Kadenge. Aliuliza jambo moja tu, kwa Kigiriama, polepole: je, mwanawe alijua kama wanamtafuta, au alikufa akidhani wamemwacha.

Selpher angeweza kusema alijua. Ingekuwa kweli. Lakini nyuma ya kweli hiyo kulikuwa na chuma cha kitanda, na mlango, na siku sita. Akakishika kile kikombe pamoja na mikono ya mama iliyokishika, akamwambia kwamba amezungumza na mhudumu wa wodi. Amesema Kalama hakuamka tangu aletwe. Hakuumia, hakujua alipo, hakusikia kitu chochote. Alilala tu, mama, hadi mwisho. Maneno yalitoka sawasawa, moja baada ya jingine, kila pumzi mahali pake, jinsi alivyofundishwa kuyatoa maneno aliyoandikiwa na wengine.

Na mama yake akaamini, akamshukuru Mungu.